Mwanangu ana miaka minne na haongei: nimnyime maji mpaka aseme?

Kwako Mwalimu,

Pokea salamu kutoka Pipeline, Embakasi. Nina watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa gredi ya tatu, aliyeanza kuongea mapema na mpaka leo hanyamazi. Wa pili ni mvulana, nitamwita Simiyu, ambaye alitimiza miaka minne mwezi wa nne. Huyu ndiye anayeninyima usingizi.

Simiyu haongei kama wenzake. Husema mama, tata, boli, "ma" akitaka maji, "aba" akikataa kitu, na maneno mengine machache ambayo sisi wa nyumbani tu ndio tunayaelewa. Sijawahi kumsikia akiunganisha maneno mawili. Kinachonishangaza ni kwamba ile ABC ya kwenye simu anaiimba karibu yote, na kuhesabu kwa Kiingereza anafika kumi, lakini akiwa na njaa hawezi kuniambia anataka uji. Hunivuta leso hadi jikoni akaelekeza kidole kwenye sufuria. Ndege ikipita juu ya ploti, na hapa kwetu zinapita kutwa, hukimbia kwenye roshani, akanivuta mkono, akanionyesha, kisha akanitazama usoni aone kama nami nimeiona.

Si kwamba haelewi. Nikimwambia alete viatu vya baba, ataleta, mradi niwe mbele yake. Nikimwita kutoka jikoni akiwa kwenye TV hageuki, na hiyo TV yenyewe anataka iwe na sauti ya juu mpaka majirani wanagonga ukuta. Dada yake anasema ni kiburi. Akishikwa na mafua, sikio la kushoto hutoa usaha. Huwa namnunulia dawa kwa duka la dawa, linakauka, tunasahau.

Sasa kila mtu ana lake la kuniambia. Mama mkwe akiwa Bungoma anasema ulimi wa mtoto umefungwa, apelekwe kwa mzee mmoja anayekata. Mume wangu anasema hata yeye alichelewa kuongea, nitulie. Jirani anasema tumemchanganya na lugha: mimi ni Mkamba, baba yake ni Mbukusu, kwenye ploti ni Kiswahili na Sheng, shuleni ni Kiingereza. Ati niache Kikamba kabisa. Halafu mama mmoja tunayesali naye akaniambia nimemdekeza, dawa ni kumnyima. Akitaka maji, asipewe mpaka aseme "maji" vizuri. Nimejaribu. Analia hadi anatapika, anajigonga kichwa sakafuni, na hivi karibuni amemng'ata dada yake mkono hadi ukavimba.

Shuleni yuko PP1. Mwalimu wake anasema ni mjeuri, anasukuma na kung'ata wenzake, na amemkalisha nyuma. Ameniambia kama muhula ujao hatakuwa anaongea, nitafute shule ya "watoto kama yeye." Maneno hayo yaliniumiza sana.

Mimi nauza nguo za mitumba, natoka asubuhi na mapema. Akitoka shule anabaki na msichana anayenisaidia kazi, na simu ndiyo humtuliza hadi nirudi. Nisaidie, Mwalimu. Niendelee kumnyima au niache? Nimkatishe huo ulimi? Niache kumsemesha Kikamba? Na je, mwanangu ataongea?

Mama Simiyu, Pipeline

*

Mama Simiyu,

Acha kumnyima maji leo. Mengine tutayazungumza kwa utaratibu, lakini hilo lisingoje.

Soma tena barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba akitaka maji husema "ma." Basi ameshaomba. Ametumia neno alilo nalo, amelielekeza kwa mtu anayefaa, na amelitumia kwa kitu kinachofaa. Sisi watu wazima ndio tunaomwambia kwamba neno lake halitoshi, kisha tunashikilia kikombe mbele ya macho yake. Mtoto wa miaka minne hawezi kuelewa kwamba huo ni msaada. Anachojifunza ni kwamba kuomba kwa sauti hakumfikishi popote, na asipofika kwa sauti atatumia meno. Mkono wa dada yake ulivimba kwa sababu hiyo, Mama Simiyu. Sioni utundu hapo. Naona mtoto aliyeishiwa na njia.

Kuna imani imekita mizizi kwetu kwamba mtoto asiyeongea ana maneno ameyaficha, na akibanwa vya kutosha atayatoa. Nimefundisha watoto wenye shida za usemi na lugha muda mrefu hapa Nairobi, na sijaona hilo likimsaidia mtoto wa aina ya Simiyu. Nimeona wengi wakiacha hata yale maneno machache waliyokuwa nayo. Mwenzako wa kanisani alikuwa na nia njema, lakini shauri lake usilifuate.

Badala yake fanya hivi. Akisema "ma," mpe maji papo hapo, na wakati unampa, wewe ndiye useme: "Maji! Maji ya Simiyu. Haya, maji." Usimwambie "sema maji." Usimwulize "unataka nini?" ilhali umeshajua. Neno lake umelipokea, na neno kamili amelisikia wakati ule ule maji yanashuka kooni. Kesho utarudia, na kesho kutwa. Mtoto mwenye shida ya lugha huhitaji kusikia neno moja mara nyingi sana kuliko wenzake kabla halijawa lake, na anahitaji kulisikia akiwa ametulia.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoipitia haraka: sikio la kushoto hutoa usaha. Mama, hapo ndipo mahali pa kuanzia, kabla ya mtaalamu yeyote wa kuongea. Mtoto anayeongeza sauti ya TV, asiyegeuka akiitwa kutoka chumba kingine, anayefuata maagizo ukiwa mbele yake tu, na ambaye sikio lake hutoa usaha kila mafua yakija, huenda hasikii vizuri. Sisemi ni kiziwi. Usikivu unaweza kupungua nusu nusu. Anaweza kusikia ndege na mlango ukibamizwa, na bado akakosa "s" na "f" na ncha za maneno, hasa kwenye kelele. Ngoma ya sikio ikitoboka, au majimaji mazito yakijaa nyuma yake, sauti hupita hafifu, leo afadhali, kesho vibaya. Watu wa nyumbani huona mtoto anasikia anapotaka. Dada yake akaita kiburi. Mtoto anayesikia maneno yakiwa nusu atayajua yakiwa nusu.

Kwa hiyo usiridhike kwamba usaha umekauka. Usaha unaorudi unaweza kula mifupa midogo ya ndani ya sikio ukaacha madhara ya kudumu. Usimtie mafuta, maziwa wala matone ambayo hayakuandikwa na aliyeliangalia sikio lenyewe, kwa sababu baadhi ya matone hayafai kabisa ngoma ikiwa imetoboka. Ukimwogesha, zuia maji yasiingie sikioni. Anza na hospitali ya kaunti iliyo karibu nawe, kwenu nadhani ni Mama Lucy Kibaki, uombe waliangalie sikio na wakupe barua ya rufaa inapobidi. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ina idara ya masikio, pua na koo. Popote utakapofikia, sisitiza jambo moja: apimwe usikivu kwa mashine. Wengine watapiga makofi nyuma ya kichwa chake, ageuke, wakwambie anasikia. Hicho si kipimo. Na usikubali kuambiwa kwamba ni mdogo mno kupimwa. Hata mtoto mchanga hupimwa akiwa usingizini.

Ikiwa usikivu utakuwa sawa, usione umepoteza nauli. Wapo watoto wanaosikia vizuri, wana akili timamu, wana wazazi wanaowasemesha, na bado lugha haiwaingii kama inavyowaingia wengine. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa watoto wanaoanza shule uliwakuta takriban 7 katika kila 100 wakiwa hivyo, bila chanzo kingine kinachojulikana. Hiyo ni kama watoto wawili katika darasa la watu 30. Hawajafanya kosa, na mama zao hawajafanya kosa. Wengi wao hapa kwetu huitwa wajeuri, wazembe au wazito, kwa sababu shida yao haionekani usoni.

Nataka pia uzijue ndege zile zina maana gani. Mtoto anayeelekeza sufuria anataka uji. Lakini mtoto anayekuvuta uone ndege, kisha akakutazama usoni kuhakikisha umeiona, hataki umpe chochote. Anataka mwione pamoja. Huo ndio msingi wa mazungumzo yote ya binadamu, na Simiyu anao tayari. Mtaalamu akikuuliza kuhusu usonji (autism), hali inayoathiri jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, maana atakuuliza na ana sababu ya kuuliza akisikia kuhusu hiyo ABC, mweleze habari ya ndege neno kwa neno kama ulivyonieleza. Mimi siwezi kukupa jina la tatizo kwa barua, na yeyote atakayekupa jina bila kukaa na mtoto usimwamini. Lakini hiyo ni ishara njema, na kila ndege inayopita ni nafasi ya kumfundisha. Mkitazama juu, sema "Ndege!" kisha nyamaza. Ikipita, sema "Ndege imeenda." Maneno mawili tu. Usianze somo la rubani na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo wazazi wengi hushindwa, na mimi hukaa nao muda mrefu zaidi hapo kuliko mahali pengine. Tunauliza swali, mtoto hajajibu, tunauliza tena, tunajibu wenyewe, tunahamia lingine. Mtoto wa aina hii anahitaji muda wa kulisikia neno, kulitafuta lake, kuupanga mdomo na kulitoa. Ukishasema jambo, hesabu moyoni polepole hadi kumi huku unamtazama kama mtu anayetarajia jibu. Utaona muda mrefu ajabu. Huenda akatoa sauti, akaelekeza kidole, akakutazama tu. Chochote atakachotoa kichukulie kuwa zamu yake ya kuongea, nawe umjibu.

Shuka chini hadi uso wako uwe usawa na wake. Punguza maswali, ongeza kueleza mnachokifanya. Wakati mnaanua nguo: "Soksi. Soksi ya Simiyu. Soksi ya baba, kubwa!" Akisema neno moja, mrudishie mawili, akisema "boli," wewe sema "boli yako" au "piga boli." Akikosea kutamka usimkemee wala usimrudishe nyuma, wewe litamke vizuri ukiendelea na habari. Mpe kuchagua kati ya vitu viwili, ukivishika vyote mkononi: "Mandazi au ndizi?" Akigusa ndizi, "Ndizi! Haya, ndizi," na apewe. Mkiimba wimbo anaoupenda wa kupiga makofi, ukifika neno la mwisho nyamaza umtazame. Mtoto anayeimba herufi atakushangaza hapo.

Unatoka asubuhi na mapema, najua. Sikudai saa nzima ambayo huna. Muda wa kuoga, muda wa kula, na ngazi mnazopanda hadi nyumbani kwenu vinatosha kwa kuanzia, mradi simu na TV vimezimwa. Lakini tuseme ukweli: anayekaa na Simiyu mchana ni yule msichana anayekusaidia, na katika mashauri yote uliyopewa hakuna aliyemtaja. Yeye ndiye anayeweza kumsikia Simiyu akijaribu neno jipya kabla yako. Mkalishe, mwonyeshe haya niliyoandika, fanya wewe mbele yake kisha yeye afanye mbele yako, na umshukuru akifanya. Akiwa anachambua sukuma, Simiyu awe kando yake akipewa jani na kuambiwa "jani." Simu itapungua yenyewe akipata kazi ya kufanya. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na pungufu ni bora. Simu haikumfanya Simiyu asiongee, usijilaumu kwa hilo. Ila simu haimngoji ajibu, wala haijui kwamba "ma" ni maji.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hulikataa mwanzoni: mpe mtoto njia nyingine za kusema huku tukisubiri maneno. Piga picha kwa simu yako ya kikombe chake mwenyewe, sahani ya ugali, choo, kitanda, roshani, dada yake, boli. Zichapishe kwenye saiba ya mtaani, zifunikwe kwa plastiki, uzibandike ukutani usawa wa macho yake. Akitaka kitu akaguse picha, nawe ulitaje neno na umpe. Ongeza ishara chache za mikono ambazo nyumba nzima itazitumia: "zaidi," "imeisha," "nisaidie," "sitaki." Hiyo ya "sitaki" na ya "nisaidie" ndizo zitakazopunguza kung'ata, nakuomba uanze nazo. Mume wako atauliza kama hii haitamfanya mvivu wa kuongea. Mwambie utafiti umelichunguza swali hilo na haukuona picha na ishara zikizuia usemi; watoto kadhaa huanza kutoa maneno zaidi zikishatumika, maana wametulia. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Kadi zenye picha ni njia inayofaa. Simiyu akizitumia darasani asichekwe.

Kikamba usikiache. Kusikia lugha nyingi hakusababishi shida ya lugha. Hilo limechunguzwa katika nchi nyingi na jibu ni lile lile. Mtoto mwenye shida hiyo huwa nayo katika kila lugha anayoisikia, na ukimwondolea moja zile nyingine hazitakua kwa sababu hiyo. Utakachompunguzia ni watu wa kuongea nao. Msemeshe kwa lugha inayokutoka kwa urahisi, ile unayoweza kumchekesha nayo. Ukimsemesha Kiingereza cha kujilazimisha utakuwa unamsemesha kidogo, tena ukiwa umenuna. Na unapohesabu maneno yake, hesabu yote: akimwita bibi wa upande wako "susu" na wa upande wa baba "kukhu," hayo ni maneno mawili, yaandike.

Ulimi usikatwe. Kuna watoto wachache ambao ule uzi wa chini ya ulimi ni mfupi kweli, ukawasumbua kunyonya au kutamka baadhi ya sauti. Hao huangaliwa na daktari, na ikibidi hukatwa hospitalini. Lakini uzi huo haumfanyi mtoto akose maneno wala ashindwe kuunganisha mawili. Na ulimi unaopita herufi karibu zote za ABC haujafungwa. Kisu cha mzee kinaweza kuleta damu isiyokoma, usaha na pepopunda, na ndivyo ilivyo kwa wale wanaokata kimeo. Usigombane na mama mkwe. Mwambie daktari ameagiza masikio yapimwe kwanza, kisha umpe kazi: apige simu ya video jioni, amwonyeshe Simiyu kuku, ng'ombe na mahindi, ataje kimoja kimoja kwa Lubukusu bila haraka. Anampenda mjukuu wake, na anatafuta la kufanya.

Kuhusu shule, nenda ukaongee na mwalimu kabla hujakasirika zaidi. Ana darasa kubwa na huenda hakuna aliyemfundisha kuhusu watoto wa aina hii. Mwambie kuhusu sikio. Mwombe Simiyu akae mbele, sikio lake la kulia likielekea kwa mwalimu, aitwe jina kwanza ndipo apewe agizo, agizo moja kwa wakati, likiambatana na ishara ya mkono. Mpe seti ya pili ya zile picha. Mweleze kwamba kung'ata hutokea pale anapoporwa kitu akashindwa kusema "changu," na mkubaliane Simiyu afanye nini badala yake, labda ainue mkono au amguse mwalimu. Walimu wengi wakipewa jambo dogo linalofanyika hulifanya. Lakini ujue pia kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto katika kumwandikisha kwa sababu ya ulemavu au lugha, na inakataza kumpiga na kumdhalilisha. Hakuna mwenye haki ya kukwambia umhamishe kwa kuwa muhula umeisha hajaongea. Kama kuna haja ya shule nyingine, tathmini ndiyo itakayosema.

Tathmini hiyo hufanywa kwenye vituo vya tathmini ya elimu vya serikali, vile vinavyoitwa EARC, ambavyo vilianzishwa nchini mwaka 1984. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti yenu ndogo kituo kiko wapi. Vilevile kuna Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, kule Kasarani, ambayo huwapima watoto pamoja na kufundisha walimu. Watakwambia Simiyu anaelewa kwa kiwango gani, anasema kwa kiwango gani, na anahitaji msaada gani. Mtaalamu wa usemi na lugha naye ni wa kutafutwa, ingawa ni wachache nchini na wa binafsi ni ghali. Ukimpata, hata kama unaweza kumlipa mara moja moja tu, mwombe akufundishe wewe na msichana wako cha kufanya nyumbani, msikae nje ya mlango mkimngoja mtoto. Na yeyote atakayekuahidi kwamba Simiyu ataongea baada ya wiki kadhaa za dawa zake za majani au matone yake, achana naye.

Siku ya kwenda beba kile kijitabu cha kliniki. Rekodi Simiyu nyumbani akicheza na kuomba vitu, kwa maana mbele ya wageni huenda akanyamaza kabisa. Andika maneno yake yote, hata yale ya nusu, na ueleze alianza kukaa, kutembea na kutamka neno la kwanza lini. Ukiwahi kuona amepoteza maneno aliyokuwa nayo, hilo liseme kwanza.

Umeniuliza kama ataongea. Sitakuahidi, kwa kuwa sijamwona na kipimo cha sikio hakijafanywa. Nakwambia ninachokiona kwenye barua: anaelewa, anaelekeza, anataka kushiriki na wewe, na ana maneno yanayofanya kazi. Watoto walioanza na hayo nimewaona wakisonga mbele, wengine kwa kasi, wengine polepole na kwa msaada wa miaka. Mtoto wa miaka miwili aliyechelewa anaweza kuwafikia wenzake bila msaada mkubwa. Wa miaka minne asiyeunganisha maneno mawili hapaswi kungojewa.

Hilo ndilo la kumwambia mume wako. Kama kweli alichelewa kuongea, hiyo ni habari muhimu sana, kwa sababu shida hizi hutembea katika familia. Haimaanishi mtulie. Inamaanisha daktari aisikie. Tafuta siku ambayo baba Simiyu yuko huru, mwende wote watatu, na swali la kuchelewa kuongea katika ukoo wao likifika, alijibu yeye mwenyewe.